Monita nzuri, kafu moja: tathmini ya mashine ya presha kwa upasuaji wa watoto

Ukifungua boksi la monita ya mezani ya inchi 12 ya bei ya kati, zile ambazo hospitali nyingi za Mwanza na wilaya za jirani zinaagiza kwa ajili ya thieta (chumba cha upasuaji), unakuta skrini, waya wa umeme, nyaya za moyo, kidole cha oksijeni (kibanio cha kidoleni kinachosoma oksijeni), mpira mrefu wa hewa na kafu moja, ule mkanda unaofungwa mkononi na kujazwa hewa. Kafu la mtu mzima. Mwenye bahati huongezewa la mtoto mkubwa. Kwa thieta ya wajawazito na henia za wazee mzigo umekamilika. Kwa thieta inayotarajia kumlaza usingizi kichanga wa kilo tatu, nusu ya mashine bado iko dukani.

Hukumu tunaitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama monita ya jumla tunaipa nyota nne kati ya tano. Kama mashine ya presha ya watoto, jinsi inavyotoka kwenye boksi, tunaipa mbili. Hizo mbili zinapanda hadi nne ukiagiza seti kamili ya makafu, mpira wa ziada na kutenga nusu saa ya kuiseti. Jina la kiwanda hatulitaji, kwa sababu mashine za daraja hili zinafanana mno kwa ndani na kasoro tunazozitaja hapa si za kiwanda kimoja.

Kinachofanya tuipime kwa jicho la mtoto ni orodha za upasuaji za huku. Hospitali ya Bugando inapokea rufaa za Kanda nzima ya Ziwa, Sekou Toure ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hospitali za wilaya upande wa Sengerema, Magu na Ukerewe zina wagonjwa wao. Orodha ya siku moja inaweza kuanza na kichanga aliyezaliwa bila njia ya haja kubwa, ikaja kwa mtoto wa miaka miwili mwenye mdomo sungura, ikaishia kwa kijana wa miaka kumi na miwili aliyeanguka kwenye mwembe akavunja paja. Mikono mitatu, na kila mmoja unadai kafu lake.

Kwanza, mashine inavyopima. Haisikilizi kama mtu mwenye stethoskopu. Inajaza hewa hadi mshipa ubanwe, kisha inaiachia kwa hatua ndogo ndogo, na kwenye kila hatua inahisi mtikisiko ambao pigo la moyo linauacha ndani ya kafu. Mtikisiko unaanza mdogo, unakua, unafika kilele, unafifia. Presha iliyokuwemo kwenye kafu mtikisiko ulipofika kilele ndiyo presha ya wastani. Ile ya juu na ile ya chini hazipimwi moja kwa moja. Zinakokotolewa kwa kanuni ambayo kila kiwanda kina yake. Ndiyo maana monita mbili tofauti, kwa mtoto yule yule, zinaweza kukubaliana kwenye wastani na kupishana kwenye namba ya juu. Dinamap, mashine iliyoanzisha njia hii mwaka 1976, mwanzoni ilionyesha wastani na mapigo tu, basi.

Hapo ndipo lawama yetu ya kwanza ilipo. Skrini inaandika 78 kwa 40 kwa tarakimu kubwa zinazoonekana kutoka mlangoni, halafu wastani, namba ya kuaminika kuliko zote, inaufungia kwenye mabano kwa herufi za kukodolea macho. Kwenye menyu ya mwonekano kuna sehemu ya kuikuza. Ikuze siku ya kwanza, kabla mazoea hayajakaa.

Sasa makafu, maana hapa ndipo pesa inapotakiwa kwenda. Mfuko wa hewa ulio ndani ya kafu unatakiwa kuwa na upana wa karibu asilimia 40 ya mzingo wa mkono, na urefu unaozunguka asilimia 80 hadi 100 ya mzingo huo. Angalia mfuko wa ndani. Kitambaa cha nje kinadanganya, kwa kuwa baadhi ya makafu ya bei rahisi yana kitambaa kirefu na kimfuko kifupi. Makafu ya vichanga huja kwa namba. Namba 1 ni kwa mkono wa sentimita 3 hadi 6, namba 2 ni 4 hadi 8, namba 3 ni 6 hadi 11, namba 4 ni 7 hadi 13, na namba 5 ni 8 hadi 15. Juu ya hapo kuna la mtoto mchanga mkubwa, la mtoto, la mtu mzima mwembamba, kisha la mtu mzima. Vipimo vya haya ya juu vinapishana kutoka kiwanda hadi kiwanda, kwa hiyo soma mistari iliyochapwa kwenye kafu lenyewe: ukilizungusha mkononi, ncha yake lazima iangukie kati ya mistari miwili ya kikomo. Ikipita nje ya mistari, chukua jingine.

Umri usiutumie kuchagua. Mtoto wa miaka miwili aliyetoka wodi ya utapiamlo anaweza kuwa na mkono mwembamba kuliko wa mtoto wa miezi minane anayenyonya vizuri. Kifaa cha kupimia kipo tayari kila kliniki: ule utepe wa lishe wenye nyekundu, njano na kijani. Nyekundu inaishia sentimita 11.5, kijani inaanza 12.5. Mkono wa sentimita 12.5 unahitaji mfuko wa hewa wenye upana wa sentimita 5. Mkono wa sentimita 10 unahitaji sentimita 4. Utepe mmoja ufungwe kwenye mguu wa monita, haugharimu kitu, na unamaliza ubishi wa "hili si litamtosha?"

Kafu lisipolingana na mkono, kosa lina mwelekeo. Dogo kupita kiasi linatoa namba ya juu kuliko ukweli. Kubwa kupita kiasi linatoa namba ya chini. Kosa la kafu dogo kwa kawaida ndilo kubwa zaidi, kwa hiyo ukibaki njia panda kati ya saizi mbili, chukua kubwa mradi halifuniki kiwiko wala halijikunji kwapani. Na ubaya wa kafu dogo si wa kwenye karatasi tu. Mtoto ambaye presha yake imeshuka kweli anaonekana yuko salama, dawa ya usingizi inaendelea kufunguliwa vile vile, na mtu wa kwanza kugundua ni mpasuaji anayesema damu imekuwa nyeusi. Kafu lililolegea nalo linapandisha namba. Kipimo cha mkono: kidole kimoja kiingie chini yake kwa taabu kidogo, hewa yote ikiwa imekamuliwa, na alama ya mshale ikae juu ya mshipa, upande wa ndani wa mkono.

Baada ya kafu ni modi. Monita ina modi tatu: mtu mzima, mtoto, kichanga. Si urembo wa menyu. Modi ndiyo inayoamua mashine ianze kujaza hadi wapi na ikome wapi. Kwa mashine za daraja hili mtu mzima huanza karibu milimita 160 za zebaki, mtoto karibu 140, kichanga karibu 100. Kikomo cha usalama ni karibu 297, 240 na 147 kwa mfuatano huo. Ukiacha modi ya mtu mzima kwenye mkono wa kichanga, kila kipimo kinaukamua mkono ule kwa nguvu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake, na baada ya saa moja ya kupimwa kila dakika tatu unaondoa kafu unakuta vidoadoa vyekundu vya damu chini ya ngozi. Ukifanya kinyume, modi ya kichanga na kafu la mtoto mkubwa, mashine inasema hewa inavuja au inagoma kumaliza, na fundi anaitwa kwa mashine ambayo haina ugonjwa.

Kasoro kubwa ya mashine hizi, tunaisema bila kupepesa: nyingi zikizimwa zinarudi kwenye modi ya mtu mzima. Umeme ukikatika betri ikiwa imechoka, ikiwaka tena inakusubiri kama vile mtoto amekua wakati wa giza. Kwenye menyu ya matengenezo kuna mahali pa kuweka modi ya kuanzia. Thieta ya watoto iweke "mtoto", na mtu abadilishe kwenda "kichanga" kwa mkono wake mwenyewe. Mwambie muuzaji akuachie namba ya siri ya menyu hiyo kabla hajaondoka; wengine huondoka nayo.

Muda wa kurudia kipimo uko wa kutosha: dakika 1, 2, 3, 5 na kuendelea, pamoja na kitufe cha haraka kinachopima mfululizo kwa dakika tano. Viwango vya kimataifa vya usalama wa usingizi vilivyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) na shirikisho la dunia la wataalamu wa usingizi mwaka 2018 vinataka presha ipimwe angalau kila dakika 5. Kwa mtoto, tano ni mpaka wa nje. Wakati wa kumlaza na wakati wa kumgeuza weka dakika moja, usingizi ukitulia weka mbili au tatu. Kitufe cha haraka kitumike kinapohitajika kisha kiachwe, maana mkono unaobanwa bila kupumzika unavimba na namba zenyewe zinaharibika.

Kuhusu kengele za tahadhari, mipangilio ya kiwandani ya mtu mzima hulia presha ya juu ikishuka chini ya 90. Kwa mtoto wa miezi minne hiyo ni kelele kuanzia mwanzo hadi mwisho, mtu anaibonyeza inyamaze, na ikishanyamazishwa hakuna anayeikumbuka. Kwa mtoto aliye macho, mpaka wa chini wa presha ya juu unaofundishwa ni 60 kwa kichanga hadi siku 28, 70 kwa mwezi mmoja hadi mwaka, kisha 70 jumlisha mara mbili ya miaka hadi miaka kumi, na 90 baada ya hapo. Kwa presha ya wastani kuna hesabu nyepesi: 40 jumlisha miaka mara moja na nusu. Mtoto wa miaka minne anapata 46. Kwa kichanga njiti wengi hutumia wiki za ujauzito kama namba ya wastani asiyotakiwa kushuka chini yake: wa wiki 34, wastani 34. Chini ya usingizi watoto hushuka kuliko walivyokuwa macho, na wataalamu hawajaafikiana mstari mmoja wa hatari. Kwa hiyo pima mara mbili kabla ya kumlaza kama anakubali, andika, na kushuka kwa zaidi ya asilimia 20 hadi 30 kutoka hapo kukuamshe hata kama kengele imekaa kimya.

Uwezo wa mashine kwenye presha za chini kabisa ni wa wastani tu. Katika modi ya kichanga nyingi zinaahidi kusoma presha ya juu kuanzia 40. Chini ya hapo zinajaribu, zinajaza tena, zinajaribu tena, kisha zinatoa vistari badala ya namba. Na hata kabla ya vistari, njia hii ya mtikisiko ina tabia ya kumpandishia namba kichanga ambaye presha yake imeshuka sana. Vistari viwili mfululizo kwa kichanga vichukuliwe kuwa presha ya chini hadi uthibitishe vinginevyo. Kidole kwenye mshipa wa ndani ya mkono au wa paja, jicho kwenye wimbi la oksijeni, sikio kwenye stethoskopu iliyobandikwa kifuani. Mtu anayevuta kafu na kulaumu mpira kwanza anapoteza dakika ambazo mtoto hana.

Hata hivyo vistari vingi chanzo chake ni cha kawaida. Chungulia chini ya shuka la kijani. Mtoto wa kilo nane akishafunikwa, mkono wake haupo kwa mtu yeyote. Msaidizi wa mpasuaji anaweka kiwiko pale pale penye kafu, au trei inakaa juu ya mpira. Mpira uliokunjwa kwenye ukingo wa meza unatoa ujumbe wa kuziba. Mpira uliolegea kwenye kiungo unatoa ujumbe wa kuvuja. Mtoto anayetetemeka au kujigeuza kwa sababu usingizi umepungua anaichanganya mashine, na hapo dawa iko kwenye usingizi wake. Kidole cha oksijeni kikiwa mkono ule ule wa kafu, kila kipimo kinafuta oksijeni kwenye skrini kwa nusu dakika na watu wanashtuka bure. Kafu mkono mmoja, kidole mkono mwingine, dripu isiwe upande wa kafu ukiweza. Ukilazimika kuziweka pamoja, jua kwamba kila kafu likijaa dripu inasimama na damu inarudi kwenye kanula (kile kimrija cha dripu kilicho ndani ya mshipa), na dawa uliyosukuma wakati huo imekwama mkononi.

Mguuni je? Inawezekana, na mara nyingine ndiyo njia pekee, kama kwa mtoto aliyeungua mikono yote miwili kwa uji wa moto. Lakini namba ya mguu usiilinganishe na ya mkono. Kwa watoto wadogo waliolala usingizi ya mguu mara nyingi ni ya chini kuliko ya mkono. Kwa wakubwa inageuka. Chagua kiungo kimoja tangu kabla ya kulaza na ubaki nacho. Ukibadilisha, andika kwenye chati. Kichanga mwenye shaka ya tatizo la moyo apimwe mkono wa kulia.

Urefu wa kafu kulingana na moyo nao unahesabika: kila sentimita 10 juu ya moyo inapunguza karibu milimita 7.5, kila sentimita 10 chini inaongeza kiasi hicho hicho. Meza ikiinuliwa upande mmoja kwa upasuaji wa mgongo, namba imehama na mtoto hajabadilika. Mwinuko wa Mwanza wenyewe, mita 1,100 na ushee juu ya usawa wa bahari, haubadilishi kitu, kwa kuwa mashine inapima tofauti kati ya hewa ya kafu na hewa ya chumbani. Muuzaji akikwambia mashine yake "imerekebishwa kwa mwinuko wa Kanda ya Ziwa" ili aongeze bei, mwambie aondoe hilo kwenye ankara.

Namba ikishuka kweli, mashine hii inakusaidia kutafuta chanzo kwa sababu iko pamoja na mapigo, oksijeni na, kwenye toleo la bei ya juu kidogo, hewa ya kaboni anayotoa mtoto. Toleo hilo ndilo tunalolipendekeza. Kaboni ikianguka ghafla pamoja na presha wakati mashine ya kupumulia inafanya kazi ile ile, moyo hausukumi damu ya kutosha. Mapigo yakiwa yameshuka pia na halotheni, dawa ya usingizi ya kuvuta, imefunguliwa, funga halotheni kwanza. Dawa hiyo inalegeza moyo na kupunguza mapigo kwa pamoja, na moyo wa mtoto mdogo unategemea mapigo kuliko nguvu. Isofluraini na sevofluraini nazo zinashusha presha, ila kwa kutanua mishipa zaidi. Atropini mikrogramu 20 kwa kilo inarudisha mapigo, lakini mapigo yaliyoshuka kwa kukosa oksijeni yanataka hewa kabla ya sindano. Mapigo yakiwa juu na presha chini, tafuta damu na maji: mililita 10 kwa kilo za maji ya dripu, angalia, rudia ikihitajika.

Na hapa kuna jambo ambalo skrini yoyote, hata ya bei ya gari, haitakuambia mapema. Mtoto wa kilo 10 ana damu ya karibu mililita 800. Robo yake ni mililita 200, pungufu ya chupa ya soda ya mililita 350. Mishipa ya mtoto inajibana kwa nguvu, presha inabaki nzuri, 85, 84, 86, mpaka damu iliyopotea ifike karibu robo au zaidi, kisha inaanguka kwa mpigo mmoja. Kabla ya hapo mapigo yamepanda, miguu imepoa, na ukibonyeza ngozi ya kifuani rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili. Kwa kichanga wa kilo tatu robo hiyo ni kama mililita 64. Presha nzuri isitumike kubishana na mpasuaji kuhusu kilichomo kwenye mtungi wa kufyonzea.

Kuna kiungo kimoja tunachotaka kikaguliwe kwa macho kabla ya kulipa. Makafu ya vichanga ya aina fulani yana ncha ya mpira inayofanana na ncha ya sindano na dripu. Inaingia kwenye kanula bila kupingwa. Mtu akikosea gizani chini ya shuka, mashine itasukuma hewa ndani ya mshipa wa mtoto, na hiyo inaua. Ajali ya aina hii imeshatolewa tahadhari katika nchi mbalimbali, na viwango vipya vya viungo vya vifaa tiba vimetenga umbo la pekee kwa makafu. Agiza yenye umbo hilo. Kama yaliyopo ni ya zamani, jaribu ncha kwenye kanula mpya iliyo nje ya mgonjwa: ikiingia, makafu hayo yasikae thieta.

Mipira na makafu havichangamani ovyo pia. Kuna ya bomba moja na ya mabomba mawili, na mpira wa vichanga kwenye baadhi ya monita ni mwembamba na wa pekee yake. Makafu matano yasiyoingia kwenye mpira wako ni mapambo. Andika kwenye oda: makafu ya vichanga namba 1 hadi 5, mawili kila namba; la mtoto mchanga mkubwa mawili; la mtoto mawili; la mtu mzima mwembamba moja; mpira wa vichanga mmoja na mpira wa kawaida wa akiba mmoja; vyote viwe vya umbo moja la kiungo na picha ya kiungo iambatanishwe. Makafu ya kutumika mara moja ya vichanga ni laini na yanakaa vizuri mkononi, ila huku yatarudiwa kutumika hata yakiandikwa yasirudiwe, na gundi ya kushikia ikichoka yanafunguka katikati ya kipimo. Nunua ya kudumu.

Betri tunaipa nyota tatu. Ikiwa mpya inatosha kuvuka umeme kukatika na jenereta kuchelewa. Tatizo ni kwamba kila kujaza kafu kunaendesha pampu, na pampu inakula betri. Ukiweka dakika moja moja muda unafupika. Ijaribu kwa dakika 30 bila umeme, kipimo kila dakika 3, kila mwezi. Ikizimika katikati, ibadilishwe, isiachwe kwa kisingizio kwamba soketi ya ukutani inafanya kazi.

Kukagua usahihi hakuhitaji maabara. Fundi wa vifaa tiba anahitaji kiungo cha njia tatu, geji ya presha aliyoihakiki, na kopo gumu la kuzungushia kafu. Monita iwekwe kwenye menyu ya kukagua presha, hewa ipandishwe hadi 50, 100, 150, 200. Tofauti na geji isizidi milimita 3. Kisha ashikilie na kusubiri: kushuka kusizidi milimita 6 kwa dakika. Kushuka zaidi ni uvujaji, na mara nyingi uko kwenye kafu au kiungo, siyo ndani ya mashine. Kagua kila baada ya miezi sita, na mara moja zaidi mashine ikianguka au ikisafirishwa barabara mbovu. Hakuna haja ya kuipeleka Dar es Salaam kwa hilo.

Haifai kila kesi. Uvimbe mkubwa wa figo, upasuaji wa kichwa wenye hatari ya damu, kichanga mgonjwa sana: hao wanataka sindano ndani ya mshipa, ya ukubwa wa geji 24 kwa kichanga au 22 kwa mkubwa zaidi, na presha inayoonekana pigo kwa pigo. Monita hii ina tundu la hilo, lakini waya na kihisi chake havimo kwenye boksi, na bila pampu ya sindano ya kusukuma maji kidogo kidogo, mfuko wa kukamua wa kawaida unapitisha karibu mililita 3 kwa saa, ambayo kwa njiti ni maji ya kuhesabiwa. Wasio na uzoefu nayo waache tundu hilo lipumzike. Kwa upande wa pili, mashine ndogo ya presha ya mkononi ya dukani haifai kabisa kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa mtu mzima aliyeketi ametulia. Mashine ya kukamua kwa mkono yenye kafu la saizi sahihi ibaki ukutani kama akiba.

Usafi: futa kafu kwa kitambaa chenye dawa kati ya mtoto na mtoto. Usilitumbukize kwenye ndoo ya klorini likiwa na mfuko wa ndani. Maji yakiingia kwenye bomba yanafika kwenye pampu, na klorini kali inapasua plastiki. Kitambaa kinachovuliwa kifuliwe peke yake, mfuko ukiwa nje.

Na kafu namba 2 litapotea. Ni dogo kama pakiti ya biskuti, jeupe, na upasuaji ukiisha linafungwa ndani ya mashuka yenye damu linaenda kufuliwa, likirudi limekakamaa kama kadibodi. Hesabu ya gozi inapofanywa kabla ya kufunga kidonda, mtu aongeze mstari mmoja kwenye ubao: kafu, moja.